Wagombea Wawili Katika Mpunga wa Mbok Ponirah

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu wa msikitini bado hawajarudi makwao, na Mbok Ponirah yuko juu ya dungu akimgombeza mtu.

"Nenda kwenu! Kwenu hakupikwi? Ndiyo adabu gani hii, kuingia kwa watu hata jua halijatoka?"

Anayegombezwa ni emprit, kindege cha kahawia chenye mdomo mnene, kilichojining'iniza kwenye suke la mpunga kama kimelipia. Mbok Ponirah anavuta kamba ya tatu kushoto. Kule mbali makopo yenye kokoto yanalia, kundi zima linaruka, linazunguka mara moja, linatua jaruba la pili. Anavuta kamba nyingine.

"Unadhani huko sikuoni? Mimi nina miwani mpya!"

Miwani hana. Anasema ndege hawajui.

Tatizo ni mikono. Kamba ni ishirini na kitu, zimetandazwa kutoka dunguni kwenda pembe zote za shamba, mikono ni miwili, na wa kulia una baridi yabisi. Siku nne zilizopita dungu hili lilijaa watu mpaka nguzo zikawa zinalia. Leo ni Jumatatu, siku ya kwanza baada ya uchaguzi wa mkuu wa kijiji cha Kedungrejan, na yuko peke yake. Kila akimaliza kugombeza anatupa jicho kwenye kinjia kinachotoka kijijini. Kinjia kiko kitupu.

"Si nilisema?" anajisemea. "Kura zimekwisha, na watu wamekwisha."

Mpunga bado haujakomaa. Unahitaji zaidi ya wiki moja ya jua, na wiki hiyo ndiyo ndege huitafuta mwaka mzima. Ukimuuliza ana hofu gani, mwanamke huyu wa miaka sitini na mitatu, anayeitwa na wote Mbok, yaani mama, hazungushi maneno. Ananyoosha mkono kwenye pembe ya shamba iliyopakana na kichaka cha mianzi.

"Lile pale ndilo langu. Likiliwa lile, mume wangu hana hitima."

Kedungrejan mwamia ndege halipwi fedha. Analipwa jaruba moja la mpunga, avune mwenyewe siku shamba linapovunwa. Na jaruba hilo halichagui yeye. Tangu enzi za mababu ni lile lililo karibu kabisa na mahali wanapolala ndege. Aliyebuni utaratibu huo alikuwa mtu mjanja sana au mtu mwenye roho mbaya sana, na Mbok Ponirah anaamini alikuwa vyote viwili. Ndege wakiamka wanaanza kwako. Ukisinzia, umejiibia mwenyewe.

Mumewe, Sarimin, aliamia naye shamba hili kwa miaka zaidi ya ishirini. Yeye mume alikaa dungu la magharibi, mke la mashariki, na siku nzima walikuwa wakigombana kwa sauti juu ya mpunga: nani amesahau chumvi, nani hakufunga kuku, nani amevuta kamba ya mwenzake. Watu wa mashamba ya jirani wanakiri kwamba hawakuhitaji redio.

Alifariki miaka miwili na ushee iliyopita. Amesomewa ya siku tatu, ya saba, ya arobaini, ya mia, na ya kila mwaka. Imebaki ya siku elfu, ambayo ndiyo kubwa na ndiyo ya mwisho. Siku hiyo kaburi huondolewa vijiti likawekwa jiwe, na marehemu huhesabiwa kwamba sasa amekwenda moja kwa moja. Kitongoji kizima kinaalikwa. Kila mtu anakula, na kila mtu anaondoka na kifurushi cha wali na nyama cha kupeleka kwake.

"Na kifurushi kisiwe kidogo," anasema. "Kikiwa kidogo watasema Sarimin alioa mchoyo. Watasema, nawajua. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyosema nikipewa kidogo."

Akipandikiza mpunga wa watu hupata rupia elfu sabini kwa siku na chai ya sukari nyingi. Hizo zinaishia kwenye mafuta ya kupikia na umeme. Wali wa kulisha kitongoji hauwezi kutoka huko, utatoka jaruba la mianzini au hautatoka.

Basi msimu huu ulipoanza, alikuwa na shida ndogo tu: nguo. Vinyago vyake vya kutishia ndege, misalaba ya mianzi yenye vichwa vya majani, kwa miaka miwili vilivaa mashati ya marehemu. La mwisho lilioza kwenye mvua za mwaka jana. Alipopita nyumba kwa nyumba kuomba nguo kuukuu akakuta hakuna. Siku hizi matambara yote yananunuliwa na mafundi pikipiki.

Hapo ndipo kampeni zikaanza, na fulana zikamwagika kama neema.

Wagombea walikuwa wawili. Pak Jumadi, yaani Bwana Jumadi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, ni mtu mnene mcheshi ambaye hawezi kupita jikoni kwa mtu bila kufunua sufuria. Pak Wardoyo ni mwalimu mstaafu, mwembamba, nguo zimepigwa pasi mpaka soksi, na nusu ya wapiga kura wa Kedungrejan waliwahi kuchapwa naye viganjani. Kila mmoja aligawa fulana nyeupe zenye sura yake kifuani, kubwa kuliko sura yenyewe.

Watu walizipokea kwa mikono miwili, kisha wakaogopa kuzivaa. Ukivaa ya huyu, umemnunisha jirani yako wa upande wa yule. Ukiivaa ya yule, shemeji yako haji harusini. Kwa hiyo fulana zikaanza kuingia kwa Mbok Ponirah gizagiza, zimeviringishwa ndani ya majani ya migomba.

"Chukua, Mbok," Yu Lasmi alimwambia. Yu Lasmi ni muuza kahawa na tempe ya kukaanga, vipande vya soya iliyochachushwa, kwenye njia ya sokoni, na mdomo wake unafika sokoni kabla yake. "Chukua zote mbili. Kwangu naogopa hata kuzianika."

Mbok Ponirah alifurahi sana. Akavivika vinyago, akavipanga kadiri fulana zilivyotoka mfukoni. Ikatokea kwamba Pak Wardoyo akasimama upande wa njia, na Pak Jumadi upande wa mianzi.

"Siasa siijui," anasema. "Niliona ni nguo nzuri, hazijatoboka."

Siku ya tatu, Yu Lasmi alikuwa akipita na kapu lake kichwani. Akasimama. Akatua kapu. Akacheka mpaka akakaa chini kwenye tuta.

Upande wa Pak Wardoyo hapakuwa na ndege hata mmoja. Kila fulana yake ilipopepea, kundi lilikata kona angani. Lakini Pak Jumadi alikuwa na ndege kichwani, ndege mabegani, na mmoja ametulia kwenye mkono wake wa kushoto anajisafisha manyoya, hana wasiwasi wowote.

Kufika saa nne, soko zima lilikuwa na habari. Kufika adhuhuri, habari ilikuwa imeshakuwa sera.

"Wardoyo hata ndege wanamheshimu," walisema watu wake. "Mkuu wa kijiji ndiyo anatakiwa hivyo. Jumadi atakaliwa kichwani na kila mtu."

"Jumadi ni mtu wa watu," wakajibu wa upande wa pili. "Hata kiumbe kidogo kinamkimbilia. Wardoyo mtamkimbia nyote, kama mlivyomkimbia darasa la tatu."

Sababu yenyewe ilikuwa kitambaa. Pak Jumadi, mtu mkarimu, alinunua fulana za pamba nzito, na pamba nzito ikilowa umande inaning'inia tu. Za Pak Wardoyo zilikuwa nyembamba kama karatasi, upepo kidogo tu zinapiga makofi. Mbok Ponirah aliligundua hilo mapema, akalisema. Hakuna aliyetaka kusikia habari za kitambaa.

Pak Jumadi alikuja mwenyewe, na pikipiki, akaiacha njiani akapita kwenye tuta kwa uangalifu kama mtu anayebeba mayai.

"Mbok," alisema akiwa chini ya dungu, "ndege wananikalia kichwani."

"Si wewe, Pak. Ni fulana."

"Sura ya nani?"

"Ya kwako, Pak. Umetoka vizuri."

"Wananinyea, Mbok!"

"Wananyea kila kitu, Pak. Mimi mwenyewe wameshaninyea."

Alitaka ahamishiwe upande wa njia. Mbok Ponirah akasema sawa. Alikuwa hajamaliza kung'oa kinyago cha kwanza alipofika Pak Wardoyo na baiskeli, suruali imebanwa na vibanio vya nguo. Naye alikuwa na malalamiko, ila kwa upande mwingine kabisa. Wajukuu wake walikuwa wamemwambia kwamba kijijini anaitwa Dawa ya Ndege.

"Mbok Ponirah, mimi ninatisha?"

Mbok Ponirah anasema hilo ndilo swali gumu kuliko yote aliyowahi kuulizwa na mwalimu, maana alichapwa na baba yake Pak Wardoyo, aliyekuwa mwalimu pia, na mkono anaukumbuka.

"Kidogo tu, Pak," alijibu.

Wagombea hao wawili walibishana katikati ya majaruba, huyu akitaka kuhamia mianzini awe kipenzi cha ndege, yule akitaka kutoka mianzini awe na heshima, na walipogundua kwamba wanataka jambo moja wakakasirika zaidi, kwa sababu ilikuwa lazima mmoja akatae. Mwishoe akaitwa mwenye shamba, Pak Darsono. Huyu amemwoa dada yake Pak Jumadi, na ni mtu anayependa usingizi wake wa mchana.

"Vua zote," akaamuru. "Kuanzia leo sitaki kuona uso wa binadamu katika shamba langu."

"Na ndege je, Pak?"

"Watishe kwa mdomo wako. Unatosha kabisa."

"Na vinyago vikae uchi?"

"Vikae uchi. Na nikiona hata kola, nitatafuta mwamiaji mwingine."

Mbok Ponirah alivua zote. Siku hiyohiyo alizunguka tena kijiji kuomba nguo ya mtu yeyote, hata kanzu, hata shuka. Mambo yalikuwa yameharibika. Hakuna aliyetaka nguo yake ionekane shambani, ndege waje kuitolea hukumu. Mzee mmoja wa jirani aliuondoa haraka msuli wake kwenye kamba alipomwona anakuja.

"Chochote chukua, Mbok, ila si blauzi," alisema Yu Lasmi. "Ndege wakinikalia kifuani, mume wangu nitamwambia nini?"

Emprit hawakuchukua hata nusu siku kuelewa kwamba ile misalaba ya mianzi ni fito tu. Walikuja wao, wakaita na wa kata ya pili. Mpunga ulikuwa umetia maziwa, na ndege anapokamua suke lenye maziwa, linalobaki ni kapi jeupe lililosimama wima, halina hata haya. Kipembe cha jaruba la mianzini kikaanza kuwa cheupe. Mbok Ponirah alivuta, alipiga kelele, alirusha udongo, akapoteza sauti. Kila akitazama pale weupe umeongezeka. Alilia, na hasemi vinginevyo.

"Nililia kwa hasira. Niliona kabisa wanakula vifurushi vya watu, kimoja kimoja."

Juu ya kila dungu la Kedungrejan hutundikwa kentongan, kipande cha mwanzi mnene kilichotobolewa, cha kugonga kwa kijiti. Watoto wa huku wanajifunza milio yake kabla ya kujifunza kusoma. Mapigo mawili na kituo, kuna mkutano. Moja moja la polepole, kuna msiba. Mfululizo usiokata pumzi ni wezi, na huo ukilia kila mwanamume na kila mwanamke mwenye miguu anatakiwa afike na kitu mkononi.

Alasiri ile, sauti hana, mkono umevimba, Mbok Ponirah alikamata kijiti akaanza kugonga ili ndege waruke. Waliruka. Akafurahi, akaendelea kugonga. Akagonga bila kupumzika.

"Wallahi sikukumbuka," anasema. "Nilikuwa nawatazama wao tu. Niligeuka nikaona kijiji kizima kinakuja."

Walikuja na miundu, na mapanga, na michi ya kutwangia. Bwana mmoja alikuja na upawa unaodondosha mafuta. Pak Jumadi, ambaye alikuwa kwa kinyozi, alitokea amenyolewa upande mmoja, kitambaa cha kinyozi bado kinapepea shingoni. Pak Wardoyo alikuwa mbele yake kwa baiskeli, anapuliza filimbi. Siku nne kabla ya kura, hakuna mgombea mwenye akili ambaye angekubali kufika wa pili kwenye wizi.

"Yuko wapi?" Pak Jumadi alipaza sauti. "Mwizi yuko wapi?"

Mbok Ponirah aliganda na kijiti mkononi. Anasema alifikiria kuruka matopeni ajifiche. Kugonga mlio wa wezi pasipo mwizi ni aibu ambayo huku inarithiwa na wajukuu. Akatazama watu, akatazama mianzi ambayo matawi yake yalikuwa yamejaa ndege hadi yamepinda, akanyoosha kijiti.

"Wale pale," alisema kwa sauti iliyokauka. "Tena mchana kweupe."

Watu waligeuka kutazama mianzi. Mzee mmoja akauliza kama yeye alikurupushwa kutoka chooni kwa ajili ya shomoro. Hapo Yu Lasmi akaangua kicheko, na kikaenda kinapokezanwa tuta kwa tuta mpaka njiani. Alipopata pumzi, ndiye aliyesema neno lililouokoa mpunga.

"Sasa wagombea si wako hapa? Kila siku kwenye kipaza sauti wanatuambia wako bega kwa bega na mkulima. Haya, bega hilo hapo. Pandeni!"

"Pandeni! Pandeni!" watu wakaitikia.

Wangefanyaje? Walipanda. Dungu likalia kwa huzuni. Pak Jumadi alipewa kamba za kushoto, Pak Wardoyo za kulia, na kijiji kizima kikakaa matutani kutazama nani anavuta vizuri.

Kuanzia jioni hiyo shamba la Pak Darsono lililindwa kuliko benki. Pak Jumadi alikuja na wapambe wake na gari la kampeni lenye spika, wakawafungulia ndege dangdut, ngoma ya dansi ya huku. Ndege walielekea kuipenda, ikabidi izimwe. Pak Wardoyo alikuja na ratiba ya zamu na filimbi. Wafuasi wa pande zote walipishana kwenye kinjia wakiwa na termosi za kahawa. Mbok Ponirah alikaa katikati kama bibi harusi, anakula tempe ya bure, na kazi yake pekee ilikuwa kuwaambia watu wazima wasivute kamba kwa hasira, zitakatika. Weupe wa jaruba la mianzini uliishia palepale ulipokuwa.

Jana, Jumapili, watu walipiga kura. Huku picha ya mgombea hutobolewa kwa msumari, na Yu Lasmi anasema aliitoboa kwa moyo wote. "Miaka sita wananichoma wao. Zamu yangu inakuja mara moja tu."

Pak Jumadi ameshinda kwa kura kumi na tisa. Walishangilia hadi usiku.

Na ndiyo maana leo, jua linapopanda, kinjia hakina mtu. Mkuu mpya amelala. Wapambe wake wamelala. Pak Darsono analala hata pasipo uchaguzi. Ndege ndio walioamka, na wanajaa jaruba la mianzini kwa raha zao, na Mbok Ponirah anavuta kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ameukumbatia tumboni.

Mara kule mianzini makopo yanalia, na yeye hajavuta kamba ya huko.

Anajiinua kwa magoti. Kuna mtu amesimama kwenye tuta la pembeni, suruali imebanwa na vibanio vya nguo, kamba ameishikia katikati.

"Wewe wa mbele!" mtu huyo anamfokea ndege. "Ndiyo, wewe! Usijifiche nyuma ya mwenzako!"

Ni Pak Wardoyo.

Mbok Ponirah anaachia kamba aliyoishika.

"Pak Guru," anaita. "Uchaguzi umekwisha, hujaambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Umeshindwa, Pak."

"Hilo pia nimeambiwa, Mbok. Kura kumi na tisa. Nawajua wote kwa majina. Niliwachapa."

Anavuta tena. Kundi linaruka. Halafu anasogea chini ya dungu, anavua kofia, na bila kumtazama anamweleza kwamba nyumbani hakukaliki. Tangu jana jioni watu wanaingia kumpa pole kama kuna maiti. Wamemletea ndizi. Mkewe anazungumza naye taratibu. Mjukuu wake amemwambia babu usijali.

"Hapa ni afadhali," anasema. "Ndege hawajui matokeo."

"Panda basi," anasema Mbok Ponirah. "Kahawa ipo, ila haina sukari. Sukari ilikuwa ya kampeni."

Alipanda. Na alirudi kesho yake, na keshokutwa, na kila alfajiri mpaka siku ya kuvuna, kwa saa ileile, fulana ya ndani imepigwa pasi. Walikuwa wakigombana. Mbok Ponirah anamlaumu kwamba anawapa ndege onyo kabla ya kuvuta, na wakishaonywa hawashtuki. Pak Wardoyo anasema hajawahi kumwadhibu kiumbe ambaye hajaonywa. Watu wa mashamba ya jirani wakazima redio zao.

Shamba limevunwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Jaruba la mianzini limetoa magunia manne na debe, na kile kipembe cheupe hakikutoa kitu. Mbok Ponirah amepiga hesabu kwa vidole na anasema yanatosha, tena kwa vifurushi visivyo na haya. Amekaa juu ya magunia yenyewe, kofia pana ya ukili magotini, mbele yake majaruba matupu yenye mabua. Hakuna ndege. Hata kama wapo, si shauri lake tena.

"Mbok, mbona kimya?" anamtania Yu Lasmi, aliyekuja kuwauzia wavunaji. "Sauti imevunwa na mpunga?"

Anahesabu tena kwa vidole. Hitima ni Alhamisi ijayo. Mambo mengi yamekaa sawa. Mkuu mpya aliahidi mbuzi kabla ya kura, na mtu ametumwa kwenda kumkumbusha, akiwa na amri ya kutorudi bila kamba ya mbuzi mkononi. Jiwe limeshachongwa. Pak Wardoyo, ambaye mwandiko wake kijiji kizima kinaukiri, ataandika jina la marehemu kwa rangi nyeusi. Wote wawili wamealikwa, na watakaa mkeka mmoja, wapende wasipende.

"Watu wanadhani nina haraka na hiyo siku," anasema baadaye, Yu Lasmi alipokwisha kuinua kapu lake. "Sina. Akishawekewa jiwe ndiyo amekwenda. Mimi nimemgombeza mtu yule miaka thelathini na tisa. Na tangu afe nimemgombeza vilevile, wala msifikiri matusi yote yale ni ya ndege. Nusu ni yake."

Anafuta uso kwa ncha ya kitambaa cha kichwani, anajifanya ni jasho.

Anachotarajia sasa, anasema, si kikubwa. Wali utoshe. Mvua isubiri mpaka watu wameshakula. Na huko Sarimin anakokwenda, apate mtu wa kumwambia arudi akafunge mlango, maana hapa duniani hakuufunga hata siku moja.